Biskuti ya Kwanza Huliwa na Mwokaji

Vijana wangu, mkiingia jikoni kwangu hapa mtaa wa Tuwan, Kitale, jambo la kwanza mtakalofanya ni kucheka. Kila mkebe umeandikwa. Chumvi imeandikwa CHUMVI, ingawa kila mwenye macho anaona kuwa ni chumvi. Sukari imeandikwa pande zote mbili na juu ya kifuniko. Mwaka juzi mmoja wenu, wale wa kikundi cha kanisani mliokuja kujifunza keki, aliniuliza kama nimeanza kusahau vitu. Nikamjibu ndiyo, ni uzee. Nilimdanganya. Sijasahau hata kidogo, na hiyo ndiyo shida yangu.

Nimeoka miaka thelathini na minne, karibu yote katika bekari moja ya hapa Kitale ambayo siku hizi ni duka la simu. Mkate ndio ulionilisha na kunisomeshea watoto. Lakini nyinyi mkija Desemba hamniulizi habari za mkate. Mnataka biskuti za Kukhu, zile za unga wa mahindi na njugu, zenye alama ya kidole gumba katikati. Nitawafundisha, msiwe na haraka. Kwanza mtanisikiliza, kwa sababu kwa biskuti hizo hizo nilikaribia kuua mtu, na mtu mwenyewe alikuwa hajatimiza miaka miwili.

Kukhu ni nyanya kwa Kibukusu. Huyu ninayemtaja ni Kukhu Nasambu wa Chwele, mama yake Rosa mke wangu, yaani mama mkwe wangu. Alipokuwa msichana alifanya kazi jikoni kwa mzungu mmoja mwenye shamba huku Kitale, akajifunza biskuti ambazo mama wa nyumba ile alioka kila Krismasi. Aliporudi kwao hakuwa na siagi, na unga wa ngano ulikuwa haba. Basi akatia samli ya ng'ombe wake, nusu ya unga akaweka wa mahindi, akakaanga njugu na kuzitwanga nusunusu. Zile za mzungu sijawahi kuzila, lakini naapa hazikufika hapo.

Sasa wale ambao hamjaoa kwetu Bungoma, tegeni sikio. Mama mkwe ni wa heshima. Humpi mkono, huli naye meza moja, mkikutana njiani mmoja anashika pembeni na kuangalia majani. Na jikoni kwake, pale anapojifunga leso na kuinamia moto, huingii hata nyumba ikiungua. Nyinyi mnawakumbatia mama wakwe mbele ya kamera, na wao wanacheka. Sisi tulilelewa hivyo, na mimi niliona fahari kuitwa mkwe mwenye adabu.

Kwa hiyo nilijifunza kupitia ukuta. Mwaka wa pili wa ndoa yetu nilikuwa najivuna kwamba mimi ni mtu wa bekari, najua kila kitu kinachotoka motoni. Rosa akaniambia bekari yetu nzima haijui biskuti, na kama nataka kujua, nimwombe mama yake. Nikaombewa. Nikakubaliwa. Wakaniweka jikoni kwa shemeji yangu, jiko lililopakana na la Kukhu kwa ukuta mmoja wa udongo usiofika kwenye mabati. Mimi huku, yeye kule, Rosa akizunguka na ujumbe.

"Rosa, mwambie mkwe wangu aache kukanda," sauti ikapita juu ya ukuta. "Nasikia anakanda ni kama anapigana. Hiyo si mkate."

Rosa alikuwa ameenda kuchota maji. Hakukuwa na mtu wa kuniambia. Nikaacha kukanda.

"Rosa, mwambie biskuti inataka kuguswa pole pole, kama mtoto amerara."

Basi nikagusa pole pole. Zilipoiva, sahani ilipelekwa kule ng'ambo, nami nikasikia akivunja moja. Hakuila. Aliivunja karibu na sikio, Rosa aliniambia baadaye, kisha akavunja nyingine. Akasema samli ilikuwa na joto nilipoichanganya. Alisema kweli. Andikeni hilo: samli iwe imeganda, na mikono muioshe kwa maji baridi kabla ya kugusa unga. Unga wa mahindi mchekeche mara mbili. Ukibonyeza kidole gumba na kingo zikapasuka sana, donge lina kiu, liongezee kijiko cha maziwa, si zaidi.

Baada ya miaka mitano hivi, mgongo wake ukakataa kuinama, akaniachia kazi. Nikawa nazioka hapa Kitale, Rosa anatangulia nazo Chwele. Lakini sheria zilibaki zake. Biskuti zikishapoa zinapangwa ndani ya debe la bati, kifuniko kinazibwa pande zote kwa uji mzito wa ngano ukauke. Debe halifunguliwi mpaka tarehe ishirini na nne mchana, wajukuu wote wakishafika na kuoga. Wanapanga mstari, mdogo kabisa mbele. Biskuti ya kwanza anapewa huyo mdogo. Na mwokaji haonji. Ukionja kabla ya mtoto, alisema Kukhu, umekula baraka yake. Mimi niliiona sheria nzuri sana. Hata bekarini niliisimulia.

Fundi wetu mkuu bekarini, Mzee Okumu, hakuipenda. Alikuwa mtu mfupi mwenye nyusi zilizoungua zamani zikakataa kuota tena, na yeye alikuwa na sheria yake moja tu: mkebe usio na jina, mwaga. Nilipokuwa mgeni pale nilichota chumvi nikidhani ni sukari, nikaharibu trei nzima ya skonzi. Hakunitukana. Aliita kila mtu aache kazi, akaniwekea skonzi moja mezani, akasema kula. Nilikula yote, huku machozi yanatoka.

"Leo umekula chumvi wewe mwenyewe," akasema. "Bahati yako. Siku nyingine itakuwa kitu kingine, na atakula mtu mwingine."

Yeye ndiye aliyenionyesha jinsi ya kupima beking pauda. Chukua kijiko kimoja, tia kwenye kikombe, mwagia maji ya moto. Ikichemka na kutoa povu, ina nguvu. Ikilala kimya, itupe. Ni jambo la nusu dakika. Nililifanya kila asubuhi bekarini kwa sababu aliniangalia. Nyumbani hakuna aliyeniangalia.

Sasa nakuja kwenye Desemba ile, miaka kumi na moja iliyopita. Mnajua Desemba ya huku Trans-Nzoia ilivyo. Mahindi yametoka shambani, na kama huna ghala, nyumba inakuwa ghala. Sisi tulikodi kashamba upande wa Kiminini, na mwaka ule Mungu alitubariki mpaka tukakosa pa kukaa. Magunia sebuleni, magunia chumbani, magunia mawili jikoni kando ya jiko langu la kuokea. Wageni walikuwa wanakalia magunia. Na fukusi nao walikuwa wamebarikiwa, maana ukinyamaza uliwasikia wakitafuna.

Nikanunua dawa ya fukusi, ile ya unga mweupe wa kuchanganya na mahindi. Pakiti yake ilipasuka njiani. Nilipofika nyumbani nikatafuta chombo chenye kifuniko kinachobana, nikapata mkebe mtupu wa beking pauda. Nikamimina humo. Nikachora alama ya X kwa mkaa juu ya kifuniko, nikajiambia, Barasa, wewe ni mtu mwangalifu. Pakiti iliyopasuka nikaitia mfukoni mwa koti, nikaisahau. Mkebe nikauweka juu ya gunia jikoni. Kando yake, juu ya gunia hilo hilo, ulikuwa mkebe wa beking pauda yenyewe, kwa sababu rafu ilikuwa imejaa vitu vilivyohamishwa na mahindi.

Mkaa unafutika. Nani aliupangusa sijui, na sikumuuliza mtu. Kama ni Rosa alikuwa anafanya usafi, na kama ni koti langu, ni koti langu. Kosa lilikuwa langu tangu nilipomimina.

Nilioka tarehe ishirini na mbili mchana. Zilipotoka hazikunipendeza. Biskuti za Kukhu hupanda kidogo, halafu hutulia na kupata nyufa ndogondogo pembeni. Hizi zilitoka bapa. Nikalaumu mkaa, nikalaumu samli, nikalaumu hata baridi ya Kitale. Nilishika moja mkononi, nikaileta mpaka mdomoni, harufu ya njugu ikanijia. Kisha nikakumbuka adabu yangu. Mwokaji haonji. Nikairudisha, nikaziba debe kwa uji, na kesho yake asubuhi Rosa akaondoka nalo pamoja na binti yetu Nekesa na mtoto wake Nafula. Mimi nilibaki kumalizia zamu bekarini, niwafuate tarehe ishirini na nne jioni.

Siku hiyo nilitoka kazini asubuhi, nikafika nyumbani, nikasema kabla sijaoga nimalizie magunia mawili ya mwisho. Nilikuwa nimenawa mikono na sikuikausha. Nikafungua mkebe wa dawa, nikachota kwa kiganja kibichi.

Kiganja kikatoa povu.

Nilikitazama. Povu dogo tu, likitoa sauti ndogo kama soda iliyomiminwa. Dawa ya fukusi haitoi povu. Nilijua kilichokuwa kimetokea, lakini akili ikakataa kukipokea, ikaanza kunitafutia maneno: labda ni sabuni, labda ni jasho. Nikawasha moto, nikachemsha maji, nikachukua vikombe viwili. Kijiko kutoka mkebe wa kwanza, maji ya moto: kikachemka mpaka kikamwagika mezani. Kijiko kutoka mkebe wa pili, ule niliookea: unga ukaelea juu ya maji, kimya, mweupe.

Nilikaa juu ya gunia, na masikio yangu yakawa yanasikia fukusi peke yao. Siku mbili nilikuwa nimewapaka beking pauda.

Nikampigia Rosa. Simu imezimwa. Nikampigia Nekesa, imezimwa. Huko Chwele wakati huo simu zilipelekwa sokoni kuchajiwa, na siku ya pilikapilika unaipata jioni. Nikampigia shemeji, ikaita, ikaita, mpaka ikachoka. Alikuwa kanisani akifanya mazoezi ya kwaya. Nilituma ujumbe kwa wote watatu: MSILE BISKUTI. Kisha nikatazama saa. Ilikuwa saa tano kasoro. Debe lingefunguliwa saa saba.

Sijui kama mmewahi kuogopa kiasi cha kuhisi meno yamekuwa baridi. Nilivaa koti, nikakimbia mpaka stejini ya bodaboda nikiwa na suruali ya bekari, nyeupe kwa unga.

Masinde ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, mtu mzima mwenye maneno mengi. "Mzee Barasa, niaje? Mbona uko mbio hivi? Ati mkate imeungua?"

"Nipeleke Chwele."

"Chwele? Na pikipiki? Si ungoje gari bana, leo ni…"

"Masinde, nimetia sumu kwa biskuti za watoto."

Akapiga stata. "Shika mimi vizuri," akasema tu.

Njia ile naijua, Kiminini, Kamukuywa, Kimilili, lakini siku hiyo sikuona kitu. Niliona mstari wa watoto. Walikuwa kumi na watatu mwaka ule, na mbele ya mstari, mdogo kuliko wote, alikuwa Nafula, mjukuu wangu wa kwanza. Mwaka uliotangulia alikuwa mchanga mno kula. Ilikuwa Krismasi yake ya kwanza ya kuwa wa kwanza. Nilikuwa nimejisifia jambo hilo wiki nzima. Niliomba Mungu debe lianguke kisimani. Niliomba Kukhu augue kichwa. Niliomba mvua, na anga lilikuwa jeupe.

Chwele siku hiyo hapakuwa na pa kupita. Kila mtu alikuwa amekuja kuuza au kununua cha sikukuu. Pikapu za ng'ombe zimeziba barabara, kuku wamefungwa miguu wanalala katikati ya njia, mbuzi mmoja amekataa kabisa kushuka. Masinde akapiga honi, akatukana, akaomba. Nikaruka chini. Nilikimbia katikati ya vitunguu na mitumba, mwanamke mmoja akapiga kelele kwamba ni mwizi, na namshukuru, kwa sababu watu walinipisha. Saa saba ilikuwa imepita.

Kabla sijafika langoni nikawasikia wakiimba. Watoto walikuwa wamejipanga nje ya jiko la Kukhu wanapiga makofi, wameoga, wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Nikapiga kelele. "Msile! Hodi! Msile!" Waliniona, wakafurahi, wakaimba kwa nguvu zaidi.

Rosa na Nekesa hawakuwepo, walikuwa hapo sokoni nilipopita. Nikafika kwenye mlango wa jiko. Ndani, Kukhu alikuwa ameketi kwenye kigoda, kichwa wazi, leso kiunoni, debe limefunguliwa miguuni. Nafula alikuwa amesimama katikati ya magoti yake. Biskuti ilikuwa mkononi mwa mtoto.

Na hapo, vijana wangu, miguu ikasimama.

Sikuiambia isimame. Ilisimama yenyewe. Miaka ishirini na tano nilikuwa sijavuka mlango ule. Sumu ilikuwa mkononi mwa mjukuu wangu, na miguu yangu ilikuwa inangoja ruhusa. Kukhu akainua macho, akaniona, naye akafanya alichofundishwa tangu utotoni: akavuta leso, akafunika uso, akageukia ukuta. Mkwe amemkuta kichwa wazi. Kwa hiyo sote wawili tulikuwa na adabu zetu, mimi nimesimama, yeye amegeuka, na mtoto akauma.

Pumzi tatu. Nimezihesabu mara nyingi sana, na hazijawahi kuwa mbili.

Kisha nikaingia. Niliparamia kuni, nikaangusha sufuria, nikamshika mtoto, nikatia kidole mdomoni mwake na kutoa nilichoweza kutoa. Akalia, akaniuma kidole. Nikalipiga debe teke likabingirika mpaka nje.

"Mama, ni sumu," nikasema. Lilikuwa neno la kwanza nililowahi kumwambia moja kwa moja. "Ni dawa ya mahindi. Nimekosea mkebe."

Leso ikaanguka. Hakupiga kelele. Aliwaambia watoto kwa Kibukusu wakae chini wasiguse kitu, asiyesikia atachapwa Krismasi nzima, kisha akanitangulia kutoka. Masinde ndiyo kwanza alikuwa anaingia langoni. Tulipanda hivi: Masinde mbele, mimi nyuma yake, mtoto kifuani kwangu, na mama mkwe wangu nyuma yangu, mikono yake yote miwili imenikaba kiuno. Sokoni watu walisimama kututazama. Siku nyingine yoyote ningekufa kwa aibu.

Kwenye dispensari daktari alikuwa msichana wa umri wenu. Kukhu alikuwa tayari anaomba maziwa ampe mtoto.

"Kukhu, usimpe maziwa. Na msimtapishe," daktari akasema. "Ni dawa gani? Pakiti iko wapi?"

Nikapapasa mfuko. Nilikuwa nimevaa koti lile lile. Pakiti iliyopasuka ilikuwa humo. Aliisoma pande zote, akapiga simu kwa mkubwa wake, akamsafisha mtoto mdomo na mikono, akaniuliza ameuma kiasi gani. Nikamwonyesha kwa ncha ya kidole. Akasema pengine ni kidogo, lakini hataki pengine, tukae hapo hapo amtazame. Kama mtakumbuka kitu kimoja tu katika maneno yangu yote, kumbukeni pakiti. Mtu akila kisichofaa, nenda na pakiti.

Tulikaa kwenye benchi la mbao kwa muda wa karibu saa nne. Nafula alitapika mara moja, akadondokwa na mate, kisha akasinzia. Daktari alisema kusinzia ni uchovu wa kulia, lakini alikuwa anakuja kila mara kummulika macho kwa tochi, na uso wake haukuwa wa mtu mwenye hakika. Mimi nilitazama kifua. Kilipanda, kikashuka. Kila kiliposhuka niliogopa hakitapanda. Nekesa alifika akikimbia, akamshika mwanawe, na hakunitazama. Rosa alisimama mlangoni na mkono mdomoni.

Kukhu alikuwa ameketi kando yangu, bega kwa bega. Hakuna aliyekumbuka kwamba haifai.

"Mimi nilifunika uso," akasema baada ya muda mrefu, kwa sauti ya chini.

"Na mimi nilisimama, mama."

"Niliona miguu yako."

Saa kumi na moja Nafula akafumbua macho, akatutazama mmoja mmoja, akasema kitu cha kwanza: "Bisi." Alikuwa anataka biskuti yake. Nekesa akacheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilitoka nje, nikashika ukuta, nikatapika nisichokuwa nimekula.

Biskuti zile nilizizika shimo refu, mbali na kuku, pamoja na debe lake. Krismasi watoto walikula chapati, hawakulalamika. Wazee walisema nimevunja mwiko, lazima nitoe kitu, nikapeleka leso mpya na jogoo. Kukhu alivipokea mwenyewe, mkono kwa mkono. Wazee wakakohoa.

"Mwaka kesho utapika kwa jiko yangu," akaniambia mbele yao. "Mimi nitakaa kwa kigoda. Nataka kuona mkono yako inashika mkebe gani. Na ile ya kwanza utakula wewe. Siyo mtoto."

"Na baraka ya mtoto, mama?"

"Baraka ya mtoto ni akue."

Tangu hapo ndivyo tulivyofanya. Desemba saba niliokea jikoni kwake, yeye kwenye kigoda akinikosoa bila ukuta, na nawaambia ukali wake haukupungua. Debe likifunguliwa, nilikula ya kwanza mbele ya mstari mzima, nikatafuna, nikameza, na watoto walihesabu mpaka mia ndipo wakapewa zao. Wao waliudhani mchezo. Kukhu hakuhesabu, alinitazama koo. Sasa amelala Chwele, nyuma ya jiko, miaka mitatu.

Mtaniuliza kama woga umeisha. Haujaisha. Nikisikia mtoto ananyamaza ghafula mezani, moyo unaruka. Nikila kwa watu natazama kwanza nani amekula. Nyinyi mna oveni za gesi, mizani za namba, maboksi yenye dirisha la plastiki, na mnaoka kwa kutazama simu. Ni vizuri, nawaonea wivu. Lakini jana tu nimeona kwa mmoja wenu chupa ya soda iliyotiwa kitu cheupe, na nilipouliza ni nini akasema, "Ni ile tu, Mzee, si unajua." Sijui. Na wewe hujui. Nenda ukamwage.

Desemba hii iliyopita, kule kule jikoni Chwele, Nafula alinipokonya mwiko. Ana miaka kumi na miwili, ananizidi urefu kidogo, na ana mikono baridi, mikono ya biskuti. Akasema anaoka yeye, peke yake, mimi nikae kwenye kigoda cha Kukhu. Nikakaa. Nikamtazama akichekecha, akimwaga maji ya moto kwenye kikombe, povu likipanda. Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikaomba mara ya tatu, akanitazama vile wasichana wa umri huo wanavyotazama, lakini akarudia.

Tarehe ishirini na nne debe likafunguliwa. Mstari ulikuwa mrefu kuliko wa zamani, na mdogo kabisa alikuwa anarukaruka mbele. Nikanyoosha mkono nichukue ya kwanza, kama kawaida yangu.

Nafula, ambaye huniita Kuka, yaani babu, akaliondoa debe. "Hapana, Kuka. Ya kwanza ni ya mwokaji. Si ndiyo sheria?"

Ndiyo sheria. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mahali pale pale. Akachukua moja, nzuri, imepasuka pembeni inavyotakiwa, akaipeleka mdomoni. Beking pauda niliipima kwa macho yangu mara tatu. Kila mkebe ulikuwa na jina. Na bado mwili wangu wote ulitaka kumrukia, kumtia kidole mdomoni, kupiga debe teke. Safari hii nilijizuia mwenyewe, nikashika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili.

Akauma. Akatafuna polepole, macho juu, akifikiri. Watoto walikuwa wameanza kuhesabu.

"Kuka," akasema, "nimesahau chumvi."

Nilihesabu nao mpaka mia.